Leaf inakata chaji saa tano usiku na kuishiwa nguvu Kimara: usikimbilie betri kubwa

Swali limetoka kwa ndugu yetu wa Kibaha mwenye gari ya umeme, nalifupisha kidogo:

"Mkuu, nimenunua Nissan Leaf ya 2014, ile ya kilowati 24, imetoka Japani ila nimeichukua kwa mtu hapahapa Dar aliyeitumia miezi michache. Siku nainunua ilikuwa na baa zote 12 za uzima wa betri, leo wiki ya saba zimebaki 9. Nakaa Kibaha Maili Moja, kazi Posta. Asubuhi nyingine haiwaki kabisa, dashibodi inajaa taa za njano na maandishi ya Kijapani, nikiibusti inawaka kama hamna kilichotokea. Pili, nikichomeka saa mbili usiku inachaji vizuri ila ikifika saa tano inakata yenyewe, naamka ina asilimia 70. Tatu, na hii ndiyo inaniua, juzi nilichaji kidogo kazini, narudi nyumbani nina asilimia 28, napandisha Kimara ikashuka ghafla, kale kataa ka kobe kakawaka, gari ikawa inatambaa bodaboda wananipigia honi. Fundi kasema betri kubwa imekufa ninunue nyingine, kwa bei aliyotaja naona bora niiuze tu. Nifanyeje?"

Mkuu pole sana. Nimeisoma mara mbili, na ombi langu la kwanza ni moja, simamisha hiyo habari ya betri kubwa, na gari usiiuze, nipe wiki mbili tu. Fundi wako amesikia magonjwa matatu akaandika dawa moja, tena ile ya bei mbaya kuliko zote. Hapo una matatizo matatu tofauti. La kwanza ni la kabetri kadogo, la pili niko tayari kula kiapo kwamba sio ubovu hata kidogo, la tatu ndio linahusu betri kubwa kweli ila ukubwa wake hamna anayeujua maana hamna aliyepima, na mbaya zaidi hilo la pili linalificha la tatu, utaona huko mbele.

Naanza na hiyo ya saa tano usiku maana imenifanya nicheke peke yangu.

Leo usiku nenda kakae kwenye gari uangalie saa ya kwenye skrini. Nabashiri ikiwa saa tatu usiku yako, yenyewe inasoma 3:00, na ndio maana hujawahi kuigusa, unaona iko sawa. Sasa kumbuka gari imetoka Japani, na Japani wako mbele yetu kwa masaa sita. Na sisi tukihesabu saa zetu za Kiswahili tunapishana na saa za kizungu kwa masaa sita hayohayo. Kwa hiyo saa ya Japani ambayo haijaguswa inasoma sawasawa na saa ya Kiswahili, hapa Dar ni saa tano usiku na kule kumekucha ni 5:00 alfajiri kwa hesabu yao. Nimeshakutana na watu wanaamini kabisa muuzaji aliwawekea saa ya Kiswahili kwa heshima, kumbe wanatembea na saa ya Tokyo.

Leaf ina taima ya kuchaji, unaiwekea saa ya kuanza na saa ya kuacha. Mwenye gari wa kwanza kule kwao inaelekea alitega ichaji usiku wa manane na iishie 5:00 alfajiri, labda kwa ajili ya umeme wa bei nafuu wa usiku, halafu gari ikauzwa ikapanda meli na ile taima ikiwa humohumo. Wewe ukichomeka saa mbili usiku, kwa gari ni 2:00 usiku wa Japani, iko ndani ya muda, inachaji. Ikifika saa tano yako, kwake ni 5:00, muda umeisha, inaacha. Ingekuwa ubovu wa chaja au umeme wa mtaani ingekata leo saa nne kesho saa saba, sio kila siku saa tano kamili kama mlinzi anabadilishana zamu.

Kuhakikisha ni rahisi. Jumapili saa sita mchana ichomeke halafu angalia zile taa tatu za bluu juu ya dashibodi pale kwenye kioo cha mbele. Ikiwa inachaji, moja inablinki na nyingine zinajaa kadiri betri inavyopanda. Ikiwa zinapokezana tu, inawaka ya kwanza, inazima, inawaka ya pili, inazima, basi gari inasubiri taima, haichaji. Dawa yake kuna kitufe cha kuzima taima kwenye vile vitufe vya upande wa kulia chini ya usukani, ukikibonyeza inachaji papohapo, ila hicho ni cha kuruka taima ya siku hiyo, cha kudumu ingia kwenye menyu uifute. Kijapani kisikutishe, fungua kamera ya simu yenye kutafsiri uielekeze kwenye skrini, inasomeka vizuri tu, na hakikisha unafuta zote maana zipo taima mbili. Futa kwanza ndio uguse saa, ukibadilisha saa ukaacha taima itahama tu ianze kukukatia alfajiri.

Sasa hesabu, na hapa ndio utaona kwa nini nasema hili linaficha lile lingine. Hizo kilowati 24, kwa usahihi ni kilowati-saa, tuziite uniti maana ni uniti zilezile za LUKU. Betri ya 24 ikiwa mpya kabisa unazotumia kweli ni kama 21 hivi. Yako ina baa 9, baa ya kwanza hudondoka uzima ukishuka hadi kama asilimia 85 ya betri mpya, halafu kila inayofuata ni kama asilimia 6 na kitu, kwa hiyo baa 9 ni uzima wa kati ya 66 na 72. Hapo una uniti kama 14 mpaka 15 ikijaa. Kwenye Morogoro Road ukiwa na kiyoyozi na mwendo wa kistaarabu unapata kilomita 6 mpaka 7 kwa uniti moja, yaani kama 85 mpaka 100. Maili Moja hadi Posta na kurudi ni kama 80. Inatosha kwa kubanabana ukiondoka na 100. Ukiondoka na asilimia 70 ni uniti 10, ni kilomita 60 na ushee, hufiki hata kwa maombi. Kwa hiyo nusu ya kero yako ya "betri imekufa" ni kwamba kila siku unatoka nyumbani na tangi halijajaa.

Ukishaua taima na bado inakata hovyohovyo, hapo sasa tunahamia kwenye umeme wa nyumba, na hata isipokata nataka ukague kwa sababu hapa ndio nyumba zinapoungua. Kile kiboksi kwenye kamba iliyokuja na gari sio chaja, chaja yenyewe iko ndani ya gari, kwa 2014 ni huko mbele chini ya boneti. Kiboksi kazi yake ni usalama na kuongea na gari. Cha Kijapani kimeandikwa volti 200 ampia 15, na sisi umeme wetu ni 230. Watu kibao wanakitumia na kinafanya kazi, mimi sikipendi, ningekushauri utafute kamba iliyotengenezwa kwa 230 yenye kichwa cha Type 1, ndicho kinachoingia kwenye Leaf yako, na inayokubali kushusha ampia.

Ila hatari kubwa ni plagi. Nina uhakika walikata plagi ya Kijapani wakafunga hii yetu ya ampia 13. Gari inavuta ampia 13 mpaka 14 mfululizo, na sio dakika kumi za pasi, ni masaa matano! Leo ukishachaji lisaa limoja nenda kashike plagi kwa mkono. Ikiwa vuguvugu sawa, ikiwa huwezi kuishika ukahesabu mpaka kumi, chomoa. Itazame na miguu yake, ukiona plastiki imebadilika rangi kuwa ya kahawia kama ugali ulioungulia, soketi ya ukutani nayo imeshapikika kwa ndani. Mwambie fundi umeme akuvutie waya wa milimita 4 kutoka kwenye bodi moja kwa moja, na breka yake peke yake na kile kifaa cha kukata umeme ukivuja, aweke plagi ya bluu ya duara ile ya ampia 16 ya viwandani. Gharama ya siku moja hiyo.

Na upime. Chukua multimita, soma volti kwenye soketi kabla ya kuchomeka, chomeka, subiri dakika mbili, soma tena. Ikitoka 228 ikaenda 221 safi. Ikitoka 228 ikadondoka 200, kuna waya mwembamba au kiungio kimelegea mahali, na hicho kiungio kinapika. Erthi pia. Nyumba nyingi za pembeni ya mji fimbo ya erthi ilipigwa siku ya ukaguzi wa TANESCO ikasahaulika, au ilichimbiwa kwenye mchanga mkavu, au waya uling'olewa siku wanajenga ukuta. Kiboksi kikiona erthi haieleweki kinagoma au kinakata katikati. Mimi mwaka wangu wa kwanza na haya magari nilimfungia mteja chaja ya ndani nyingine kabisa, iliyotumika, ya hela ndefu, gari bado ikagoma kuchaji kwake na kwangu inachaji. Siku ya tatu ndio nikapiga goti uani kwake nikakuta waya wa erthi umeishia hewani nyuma ya banda la kuku. Ile chaja nilikula hasara mimi.

Haya, kabetri kadogo. Watu wengi hawajui kama gari ya umeme ina betri ya kawaida ya volti 12 kama ya IST. Betri kubwa ina volti karibu 400 lakini imefungiwa, rilei zake kubwa, yaani swichi zake, haziungi mpaka kompyuta ziamke na zitoe amri, na kompyuta zote zinakula kwenye hii ya 12. Kwa hiyo unaweza kuwa na betri kubwa imejaa 100 na gari isiwake kwa sababu mwenye funguo amezimia. Na ikiwa dhaifu haifi kimyakimya, inafanya vituko, taa za njano zote zinawaka, usukani unalalamika, breki zinalalamika, maandishi ya Kijapani yanamwagika, kumbe volti zimeshuka tu kompyuta zimechanganyikiwa. Wewe mwenyewe umeshajipima bila kujua, umesema ukiibusti inawaka kama hamna kilichotokea, basi jibu ndio hilo.

Pima volti zake asubuhi kabla hujawasha chochote, 12.6 ni nzima, 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 ni mgonjwa. Washa gari mpaka ile READY ya kijani, soma tena, lazima ipande ipite 13, ikipanda maana yake mfumo wa kuichaji kutoka kwenye betri kubwa ni mzima, badilisha betri tu. Ikibaki 12 na kitu hata ikiwa READY, nijulishe maana hiyo ni kesi nyingine. Unaponunua nyingine angalia ukubwa wa boksi na upande wa chanya, usikubali "hii itaingia tu".

Halafu jiulize kwa nini ilikufa. Nakuuliza swali moja, umefunga GPS ya kufuatilia gari? Maana wengi mkinunua gari kitu cha kwanza ni hicho, na hawa wafungaji wanachomeka popote wanapoona waya una moto. Gari ikiwa imezimwa na imelala kabisa kama nusu saa hivi, inavuta umeme kidogo sana, chini ya miliampia 50. Nimewahi kukuta ya mtu inavuta 300 kwa sababu ya GPS na kamera ya mbele, wikiendi mbili tu betri chali. Na ukikwama imezima kabisa usikubali wakuvute magurudumu ya mbele yakiwa chini, gia inabaki kwenye P na magurudumu ya mbele ndio yanayovuta gari, yanyanyuliwe. Kubusti wewe ubustiwe sawa, ila wewe usimbusti mwenye Fuso.

Tufike sasa kwenye kobe wa Kimara.

Kale kataa ka kobe maana yake gari imepunguza nguvu ili kujilinda. Kwa kawaida kanakuja mwisho kabisa betri ikiisha. Kuja ukiwa na 28 kwenye kilima sio kawaida, hata kwa betri ya zamani. Mimi naona sababu tatu zinazowezekana.

Ya kwanza inatokana na zile baa zako. Betri nzima haipotezi baa tatu kwa wiki saba mkuu, hiyo haipo. Kinachotokea ni kwamba kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu kwa mashine, ikasahau kila ilichojifunza kuhusu uchovu wa betri, ikajiona mpya, baa zikarudi 12 zote. Gari inauzwa. Halafu ukianza kutembea nayo inajifunza upya ukweli, baa zinaanza kuanguka moja moja mpaka zifike pale zilipokuwa. Sisemi aliyekuuzia ndiye aliyefanya, inawezekana na yeye aliuziwa hivyohivyo, lakini hesabu inanukia hilo. Na ubaya wake sio baa tu, asilimia nayo inadanganya, kompyuta inadhani ndoo ni kubwa kuliko ilivyo, kwa hiyo inakuonyesha 28 wakati kilichobaki ni 8. Kujifunza vizuri inahitaji kuona betri inatoka chini inafika 100, inatoka chini inafika 100, na wewe taima ilikuwa inakukatia njiani kila siku. Unaona sasa kwa nini nimekuomba wiki mbili? Ua taima, ichaji mpaka ijae usiku kucha, itumie kawaida, ndio upime. Ukipima leo unapima uongo.

Ya pili ni seli moja au mbili zilizochoka kuliko wenzake. Ndani ya betri kuna seli 192 zimefungwa mbilimbili, kwa hiyo ni jozi 96 kwenye mstari mmoja, na zimekaa kwenye moduli 48, yaani maboksi ya seli nne nne. Chukulia watu 96 wamepanga mstari wanapokezana ndoo kuzima moto, 95 wana nguvu na mmoja ana homa, ndoo zitaenda kwa kasi ya mwenye homa. Kwenye tambarare unaenda taratibu hata hutamgundua, ukikanyaga moto kupandisha Kimara anaanguka, kompyuta inamuona, inapiga breki mstari mzima, kobe huyo. Hii ndio ya bei rahisi kuliko unavyofikiri maana inabadilishwa moduli yenye huyo mgonjwa tu.

Ya tatu ni betri yote kuchoka na ukinzani wa ndani kupanda, yaani umeme unatoka kwa shida, zote 96 zinanywea kwa pamoja ukikanyaga. Hiyo haina dawa ya moduli moja. Dar joto, na Leaf haina kipozeo cha betri, hamna maji hamna feni, betri inapoa kwa hewa inayopita chini ya gari tu, kwa hiyo haya magari hapa yanazeeka haraka kuliko kule kwenye baridi.

Kuzitofautisha huhitaji fundi. Nunua kale kakifaa ka ELM327 ka Bluetooth ka kuchomeka kwenye soketi ya kupimia gari chini ya usukani, na programu inaitwa Leaf Spy, ile ya kulipia, kwa Android ndio haina usumbufu. Vile vya bei ya chee sana vingi vinagoma kuongea na Leaf, kwa hiyo chukua mahali utakaporudisha. Ukiunganisha utaona SOH ambayo ndio uzima wa betri, utaona Hx ambayo inahusiana na ule ukinzani wa ndani, ikiwa chini sana betri inanywea, na utaona ukurasa wenye milingoti 96, kila jozi na volti yake.

Piga picha ya huo ukurasa mara tatu. Ikiwa imejaa 100, ikiwa 50, na ya tatu ndio yenye habari, ukiwa chini ya 25 unapandisha, mtu mwingine ashike simu, sio wewe, barabara ile ina malori. Ukiona milingoti yote imelingana na tofauti ya juu na chini ni milivolti 20 mpaka 40, seli hazina ugomvi, na kama uzima unaosoma umetulia pale 68 au 70, basi tatizo lilikuwa ule uongo wa asilimia na utaisha wenyewe. Ukiona mlingoti mmoja au miwili imezama peke yake, tofauti inaruka mia mbili mia tatu ukikanyaga na ukiachia inarudi, hapo una mgonjwa, andika namba yake. Ukiona yote imezama pamoja na Hx iko chini kabisa, pole, hiyo ni uzee, na hapo ndio ile kauli ya fundi wako itakuwa na ukweli.

Kama ni moduli, mambo mawili. Moja, inayoingia iwe na uchovu unaofanana na wenzake. Ukiweka mpya katikati ya wazee hujapata faida, mstari unafuata mnyonge, na zitaanza kuachana volti. Moduli zinapatikana kutoka kwenye Leaf zilizogongwa, mwambie aipime mbele yako na volti zake zilinganishwe na za betri yako kabla haijafungwa. Mbili, na hapa sitanii, usimruhusu fundi wa mtaani afungue. Ni volti karibu 400 za moja kwa moja, hizi zinaua. Betri yenyewe ina karibu kilo 300, inashushwa kwa chini. Anayejua kazi utamtambua kabla hajashika spana: anazima gari, anatoa waya wa betri ndogo, anachomoa plagi ya usalama ya betri kubwa iliyo sakafuni katikati ya gari chini ya zulia, anaiweka mfukoni mwake mwenyewe, anasubiri dakika kumi, anavaa glavu za volti 1000, anapima kuhakikisha sifuri. Ukimuona anaanza na bisibisi kwenye nyaya za rangi ya chungwa, chukua funguo zako ondoka.

Kuna mengine nayapitia harakaharaka maana najua yatakukuta. Kiyoyozi kikipungua gesi usimpeleke kwa yule wa pembeni ya barabara anayejaza gari zote kwa chupa moja. Kompresa ya Leaf inaendeshwa na umeme wa betri kubwa na inatumia oili yake maalumu isiyopitisha umeme, akikuwekea oili ya gari za kawaida umeme unaanza kuvujia kwenye bodi, kompyuta inaona, gari inakataa kuwa READY na hamna atakayefikiria kiyoyozi. Sehemu za kuoshea wasipige maji ya presha chini ya boneti. Jangwani ikijaa maji usijaribu kwa sababu umeona daladala limepita, subiri. Tairi ni upepo 36, vijana wa tairi wanaweka 30 kwa mazoea, na hapo umeshapoteza kilomita kadhaa bure. Breki za Leaf zinatumika kidogo kwa sababu mota ndio inayopunguza mwendo, kwa hiyo diski zinashika kutu, asubuhi ukisikia mkwaruzo wa kwanza usishtuke. Na ukiwa umejaza 100 asubuhi ule mvuto wa mota ukiachia mafuta haupo au ni mdogo, betri haina pa kuweka umeme, sio ubovu.

Jambo la LUKU najua utaliuliza kesho. Kama ulikuwa kwenye ile tarifu ndogo ya mwisho uniti 75 kwa mwezi ambayo elfu moja inatoa uniti 8 na kitu, sahau, safari yako ya kila siku inakula kama uniti 13 ukiweka na zinazopotea njiani, kwa wiki moja tu umeshazimaliza. Utahamishiwa ile ya kawaida, elfu kumi uniti 28, usiende kugombana na mtu ofisini ukidhani umeibiwa. Hata hivyo uniti 13 ni kama shilingi 4,600 kwenda Posta na kurudi, haifiki bei ya lita mbili za petroli, na ulipokuwa na gari ya mafuta kwa foleni ya Ubungo sidhani kama ulikuwa unaenda na kurudi kwa lita mbili.

Baada ya wiki mbili, ikionekana betri ina 70 za kweli na seli zimelingana, unaweza kuishi nayo miaka. Omba kazini wakupe soketi, hata ukichaji kwa ampia 10 masaa manne unapata karibu uniti 8, hiyo ni safari nzima ya kurudi, na hapo huna haja ya kulala na 100 kila siku, 85 inatosha na betri itakushukuru kwa hili joto. Ile taima tuliyoiua unaweza kuirudisha, safari hii ukiiweka wewe, imalize kuchaji saa kumi na moja alfajiri ili isikae imejaa usiku kucha, na kama hujabadilisha saa ya gari uandike 11:00 tu.

Fanya hivi basi: leo taima na mkono kwenye plagi, kesho asubuhi volti za betri ndogo na uniambie kama una GPS, halafu wiki mbili za kujaza mpaka mwisho. Kisha niletee zile picha tatu za milingoti, na kwenye ile ya tatu nionyeshe namba za jozi mbili za chini kabisa.